Jahazi Lirukalo: Ngano, Uwongo na Picha za Kuunga

Fanani wa ngano, kabla hajasimulia neno lolote, huwaita kwanza wasikilizaji wake. Husema, "Paukwa!" nao humjibu, "Pakawa!" Mwito huu si pambo tupu, bali ni mapatano. Kwa kuitika, wasikilizaji huwa wamekubali kwamba mambo watakayoelezwa hayakutokea mtaani kwao jana. Sungura atanena, simba atajibu, na hapana atakayesimama katikati ya hadithi na kudai ushahidi. Fanani hawezi kuitwa mwongo, maana hakumficha mtu kitu.

Katika makala haya nakusudia kuitumia kanuni hiyo ya kale kuipima sanaa ambayo vijana wetu wameipokea upesi kuliko sisi wazee wao. Nayo ni sanaa ya kuchukua picha kadhaa zilizopigwa kwa kamera, kuzikata na kuziunganisha katika kompyuta, hata kikapatikana chombo cha safari ambacho hakuna kiwanda kilichokiunda wala bandari iliyokipokea. Nitahakiki picha moja tu, iliyotengenezwa na msichana wa kidato cha tatu. Nina deni kwa picha hiyo, kwa kuwa nilikuwa mmoja wa watu walioihukumu vibaya.

Tulikuwa waamuzi watatu katika maonyesho ya sanaa ya shule za sekondari. Mimi niliitwa kwa sababu natunga mashairi, na pia kwa sababu kazi yangu serikalini inahusu utamaduni. Zilikuwapo picha za rangi, vinyago vya udongo, mikeka na vikapu. Katikati ya vitu hivyo ilitundikwa karatasi moja iliyochapwa kwa mashine, nayo ilikuwa hivi.

Mandhari ni mlango wa mto Pangani, wakati wa asubuhi. Juu ya maji, kiasi cha urefu wa mnazi, jahazi limesimama angani. Sehemu yake ya chini ni ya jahazi la kweli, lenye mbao zilizopauka kwa chumvi na jua. Lakini mahali pa sitaha imekaa bodi ya daladala, pamoja na madirisha yake na mlango wake ulio wazi. Tanga lake ni khanga. Kutoka ubavuni yamechomoza mabawa mawili ya korongo. Mlangoni ananing'inia utingo: mkono mmoja ameshika kamba ya foromali, na wa pili ameinua vidole viwili, kama afanyavyo kila utingo anapotangaza kwamba zimebaki nafasi mbili. Dirishani ameketi bibi mmoja na kikapu cha samaki mapajani. Nyuma yake abiria mwingine amesinzia, kichwa amekiegemeza kwenye kioo. Chini ufukweni wamesimama watu watatu. Wawili wanazungumza mambo yao. Mmoja tu ndiye aliyetazama juu, naye ameinua mkono ili gari limpakie.

Mwamuzi wa kwanza alisema, "Hii si kazi ya mkono. Mashine ndiyo iliyochora." Wa pili akasema, "Picha ya kamera ni ushahidi. Mwenye kuuchezea ushahidi amesema uwongo." Mimi sikusema kitu, nikatia sahihi. Katika fomu palikuwa na nafasi ya kuandika sababu ya kuiondoa kazi mashindanoni, na sisi tukaijaza kwa neno moja: udanganyifu.

Baada ya majuma mawili mwalimu wa msichana yule alinijia ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu ukae."

"Mzee, sikuja kudai tuzo. Nimekuja kwa sababu ya neno mliloandika. Limeletwa shuleni, nalo limetiwa katika jalada la mtoto. Bibi yake ameniuliza kama mjukuu wake ameiba mtihani."

Kila mwalimu asomaye makala haya anajua uzito wa neno hilo shuleni. Udanganyifu ni kosa la kufutiwa matokeo. Nami nimefanya kazi ya majalada kwa zaidi ya miaka thelathini, na nayajua vyema: mtu huhamishwa, hupandishwa cheo, hustaafu, na neno lililoandikwa juu yake lingali limelala palepale. Hivyo nilimwomba mwalimu aniachie nakala ya picha, nikaitazama upya, safari hii kama mhakiki na si kama mtia sahihi.

Na tuanze na shutuma ya kwanza, kwamba mashine ndiyo iliyochora. Shutuma hii inazaliwa na kutojua jinsi kazi inavyotendeka. Programu maarufu ya kuhariri picha, Photoshop, ilianzishwa mwaka 1987 na Thomas Knoll, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, akishirikiana na ndugu yake John, ambaye alifanya kazi katika kampuni ya kutengeneza vioja vya filamu. Kampuni ya Adobe iliitoa kwa wanunuzi mwezi wa Februari 1990. Mwaka 1994 iliongezwa njia ya kuipanga picha katika matabaka, na njia hiyo ndiyo iliyoirahisisha sana kazi ya kuunga. Kila kipande hukaa katika tabaka lake, kama karatasi zinazopenya nuru zilizopangwa moja juu ya nyingine. Fundi aweza kulisogeza bawa bila kuligusa jahazi, au kuififisha khanga bila kuidhuru mbingu. Wako pia mafundi watumiao GIMP, programu isiyolipiwa iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, na hiyo ndiyo aliyoitumia msichana wetu katika kompyuta ya shule.

Basi mashine ilifanya nini? Ilitii. Haikujua korongo ni nini, wala haikujua kwa nini utingo anyooshe vidole viwili. Mwalimu alinionyesha kazi yenyewe kabla ya kuunganishwa: ina matabaka 23. Bawa lilikatwa unyoya kwa unyoya, kwa kuwa ukilikata kwa mstari mmoja mnene hubaki ukingo mweupe wa anga ya kwao, na jicho hulikataa mara moja. Mtu aliyepata kusikia habari za mtepe, chombo cha kale cha pwani yetu ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi bila msumari, ataielewa kazi hii. Kamba haishoni yenyewe, bali mshoni ndiye ajuaye ubao upi ukae wapi, na shimo lipi lizibwe maji yasipite.

Tena kuunga picha hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1857, katika maonyesho makubwa ya sanaa mjini Manchester, Uingereza, Oscar Rejlander alionyesha picha moja aliyoiunga kutoka negativi zaidi ya thelathini, yaani zile picha za kwanza ambazo weusi huonekana mweupe na weupe huonekana mweusi. Wapo waliomlaumu wakati ule, lakini Malkia Victoria aliinunua nakala yake. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Omar Said Bakor, mpiga picha wa Lamu aliyejifunza kazi kwa juhudi yake mwenyewe, alikuwa akiunga picha za watu katika studio yake tangu miaka ya 1960, kwa kukata na kubandika na kwa hila za chumba cha giza cha kusafishia picha. Na huko Likoni, karibu na kivuko cha Mombasa, katika miaka ya 1990 wapiga picha walitundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege, na mvuja jasho aliyengoja kuvuka alipigwa picha mbele yake kama abiria. Kwa hiyo msichana wetu hakuleta jambo geni kutoka ng'ambo. Amerithi kazi ambayo pwani hii ilikwisha kuijua, akaifanya kwa chombo cha zama zake.

Shutuma ya pili ndiyo nzito, nayo ni ile ya uwongo. Siipuuzi, kwa sababu picha kweli huweza kudanganya. Mwezi wa Februari 1982 jarida la National Geographic la Marekani lilitoa katika jalada lake picha ya piramidi za Giza, Misri, ambazo zilikuwa zimesogezwa karibu kwa kompyuta ili zitoshe katika ukurasa uliosimama. Msomaji hakuambiwa. Alidhani anaziona piramidi kama zilivyo, kumbe anaona matakwa ya mpangaji wa kurasa. Mfano wa pili ni wa zamani zaidi. Mwaka 1917, katika kijiji cha Cottingley huko Uingereza, wasichana wawili walichora viumbe vidogo vyenye mabawa, wakavikata, wakavisimamisha bustanini na kupiga picha. Hata mwandishi mashuhuri Arthur Conan Doyle alisadiki kuwa ni viumbe halisi, akaitangaza habari hiyo mwaka 1920. Wenyewe walikiri mwaka 1983, walipokwisha kuwa wazee, kwamba vilikuwa vya karatasi.

Linganisha mifano hiyo na kazi ya William H. Martin, mpiga picha wa mji wa Ottawa katika jimbo la Kansas, Marekani. Mnamo 1908 na miaka michache iliyofuata, aliuza kadi za posta zilizoonyesha magari ya kukokotwa yaliyobeba mazao makubwa kupita kiasi. Wakulima walizinunua, wakacheka, wakawapelekea jamaa zao, wala hakuna aliyeleta shoka ili auziwe mbegu ya hindi la kupasuliwa kama gogo. Kwa nini? Kwa sababu ukubwa wenyewe ulikuwa mwito. Kadi ilisema "Paukwa," na mnunuzi akaitika "Pakawa."

Hapo ndipo ulipo mpaka tunaoutafuta. Piramidi zilizosogezwa na jahazi lirukalo zote ni picha zilizohaririwa, na wala kipimo si wingi wa mambo yaliyobadilishwa. Piramidi zilibadilishwa kidogo sana, nazo zikadanganya. Jahazi limebadilishwa lote, nalo halimdanganyi hata mtoto wa chekechea. Uwongo unapatikana pale ambapo mtengenezaji ameuficha mwito, akaipeleka ngano sokoni kama habari. Jahazi lenye bodi ya daladala na mabawa ya korongo halina haja ya maelezo pembeni. Ajabu yake ndiyo paukwa yake. Sisi waamuzi tuliitwa kwa sauti kubwa, tukakataa kuitika, kisha tukamshitaki fanani kwa uwongo.

Yafaa sasa tuingie katika picha yenyewe, maana kumwondolea mtu shutuma si sawa na kumsifu. Nitatumia njia ambayo wanafunzi wanaijua, yaani fani na maudhui.

Kwa upande wa fani, jambo la kwanza la kusifiwa ni upepo. Makuti ya minazi ya ufukweni yameinamia upande mmoja, na tanga la khanga limejaa kuelekea upande uleule. Hilo halikuja kwa bahati. Picha ya khanga ilipopigwa ilikuwa imejaa upande mwingine, na msichana akaigeuza ili ipokee upepo wa Pangani. Lakini hapo ndipo alipojikwaa. Khanga ina jina, na kwa kuigeuza nguo ameyageuza maandishi. Methali isemayo "Mwenda pole hajikwai" inasomeka kinyumenyume, kama iliyotazamwa katika kioo. Mtu akishaliona kosa hilo hawezi tena kuliona tanga. Huona kioo tu.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Pwani yetu hutazama mashariki. Asubuhi jua hutoka baharini, na vivuli huanguka kuelekea bara. Watu watatu wa ufukweni wanaitii sheria hiyo. Lakini jahazi limeangazwa kutoka upande wa bara, na ubavu wake wa baharini una giza. Bila shaka picha yake ilipigwa jioni. Tena kivuli chake majini kimewekwa chini yake moja kwa moja, kama cha saa sita mchana. Kwa hiyo picha hii moja ina majua matatu. Huenda mwanafunzi akauliza: ikiwa tumekubali jahazi liruke, kwa nini tusikubali na majua matatu? Jibu ni kwamba ngano huomba ruhusa ya ajabu moja, na hiyo tunaitoa kwa furaha. Sungura akinena, tunaitika; lakini akiwa mkubwa kuliko tembo katika sentensi moja na mdogo katika ya pili bila sababu, tunaona kwamba fanani amepotea. Kadiri ajabu inavyokuwa kubwa, ndivyo mambo mengine yote yanavyopaswa kuwa ya kawaida. Kivuli cha kweli ndicho kinachotufanya tuamini bawa la uzushi.

Kwa upande wa maudhui, picha hii ni bora kuliko fani yake. Nguvu yake haimo katika mabawa. Imo katika usingizi wa yule abiria. Chombo kimening'inia angani, naye amelala! Bibi anawaza samaki wake wasioze. Utingo anatafuta wateja wawili. Hapana hata mmoja anayeshangaa. Mtunzi dhaifu angewafanya wote waachame midomo, nasi tungeona jitihada ya kutushangaza. Huyu ametuonyesha nchi ambayo usafiri wa ajabu umekwisha kuwa usafiri wa kila siku, kiasi kwamba watu wanasinzia ndani yake. Hapo ndipo tunapocheka, na baada ya kucheka tunaanza kufikiri.

Mwalimu alinieleza kwamba yule bibi wa dirishani ni bibi yake msichana. Ni mchuuzi wa samaki, na siku nyingi samaki wake huharibika kwa kungoja gari lisilokuja. Nilipoyasikia hayo nilielewa kwa nini mmoja wa watu wa ufukweni ameinua mkono. Picha inauliza swali ambalo hotuba ndefu haziulizi vizuri zaidi: chombo kitamjia lini mtu wa chini, tena kikiwa na nafasi?

Katika masimulizi yetu mna chombo kingine cha angani, nacho ni ungo wa wachawi. Sisemi hivi kuthibitisha uchawi, bali kutazama jinsi watu walivyouwaza. Ungo huruka usiku. Humbeba mwenye siri peke yake au na wenzake wa siri, na safari yake ni ya kumdhuru jirani. Watoto wengi wa nchi hii walilelewa wakijua kwamba kitu kirukacho bila injini ni kitu cha kuogopwa. Msichana huyu amekigeuza kisa hicho. Chombo chake kinaruka mchana kweupe, kina mlango wazi, kina utingo wa kuwaita watu, na mzigo wake ni kitoweo cha mji. Amechukua ndoto ya hofu akaifanya ndoto ya umma. Kama hiyo si kazi ya utamaduni, basi sijui neno utamaduni tumeliweka kwenye milango ya ofisi zetu kwa sababu gani.

Neno moja kwa walimu wenzangu katika kazi hii ya kulea vipaji. Tangu mwaka 2022 zimeenea programu ambazo mtu huziandikia maneno machache, nazo humtolea picha nzima kwa nukta chache. Kwa ajili hii swali la "nani aliyetengeneza?" lina haki ya kuulizwa. Lakini lisiulizwe kwa kushuku, liulizwe kwa kufundisha. Mwanafunzi alete vipande vyake: hili ni jahazi nililolipiga picha siku fulani, huyu ni bibi yangu naye ameniruhusu, haya ni matabaka yangu. Aeleze kwa nini bawa la korongo na si la kunguru. Mwenye kazi yake hatashindwa kueleza, na katika kueleza atayaona mwenyewe majua yake matatu. Tena afunzwe mapema kwamba kumhamisha mtu halisi katika picha ili aonekane ametenda asilolitenda, na kuificha hila hiyo, ni ule uwongo wa piramidi, nao una madhara makubwa zaidi, maana piramidi haivunjiwi heshima.

Niliandika barua kwa waandalizi wa maonyesho, nakala kwa shule, nikieleza kwamba neno "udanganyifu" liliandikwa kwa makosa na kwamba mimi ni mmoja wa walioliandika. Mwamuzi mmoja aliiunga mkono. Wa pili bado ana maoni yake, na ni haki yake. Barua imetiwa katika jalada la mtoto, baada ya ile fomu. Fomu yenyewe haikutolewa, kwa kuwa kanuni haziruhusu. Kwa hiyo kila atakayelifungua jalada hilo atalikuta kwanza neno letu baya, na akiwa na subira ya kufunua ukurasa wa pili, atayakuta masahihisho yake. Hilo ndilo lililowezekana.

Msichana naye aliirudia picha. Methali sasa inasomeka, ubavu wa baharini unang'aa, na kivuli cha jahazi kimetoka chini ya mkuku kikatambaa juu ya maji mpaka miguuni pa yule aliyeinua mkono. Vidole viwili vya utingo havikubadilika. Niliporudishiwa nakala hiyo nilitunga ubeti huu, nao ndio ninaoutumia kuwaaga wasomaji:

Chombo mbona chapepea, na bahari iko chini?
Kivuli kinaelea, mawimbini hadi pwani;
Fundi alikishonea, nuruni siyo gizani,
Paukwa tukipokea, uwongo uko kwa nani?